Wangari Maathai: Ahadi ya kampeni iliyozaa msitu

Mwaka 1974 mgombea mmoja wa ubunge katika jimbo la Lang'ata, jijini Nairobi, aliwaahidi wapiga kura wake ajira. Jimbo hilo lilikuwa na sura mbili: upande mmoja matajiri wenye bustani pana, upande wa pili watu waliobanana katika vibanda, ambao kwao kibarua cha siku moja kilikuwa habari njema. Mgombea huyo, Mwangi Mathai, alishinda. Ahadi ikabaki hewani, kama zibakivyo ahadi nyingi za majukwaani. Aliyekosa utulivu ni mkewe, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefanya naye kampeni, na ambaye hakuona namna ya kuwatazama tena usoni watu wale akiwa mikono mitupu.

Mke huyo alikuwa Wangari, mwenye umri wa miaka 34 na shahada tatu. Alianzisha kampuni ndogo, akaiita Envirocare. Hesabu yake ilikuwa rahisi: maskini wa Lang'ata waajiriwe kupanda miti na kutunza bustani za matajiri wa Lang'ata, na miche itoke katika kitalu alichoruhusiwa kukianzisha ndani ya msitu wa Karura. Hesabu ikagoma. Vibarua walihitaji nauli na posho kabla ya kazi. Wenye bustani hawakutaka kulipa kabla ya kuiona kazi. Kisha ukaja ukame, maji yakawa ya mgao, na miche ikaanza kunyauka. Mwaka 1975 aliipeleka katika maonyesho ya kilimo ya Nairobi. Watu walisimama, wakauliza, wakasifu, wakaenda zao. Kampuni ikafa na wazo likabaki kwa mwenyewe.

Kwa msikilizaji wa Gitega habari hii haiko mbali. Mtaa wetu umekaa juu ya mteremko, nyumba zimebanana bati kwa bati, na mvua kubwa inaponyesha usiku kila mmoja huusikia mfereji wa Mpazi, ruhurura kama tuiitavyo, ukiyabeba maji ya kilima kizima kuelekea Nyabugogo. Wapo majirani waliokwisha kuhamia katika ghorofa mpya za Mpazi, na wapo wanaongoja kujua zamu yao. Nani husikilizwa pale ardhi, maji na makazi vinapoamuliwa, hilo kwetu ni swali la kila siku. Katika Afrika Mashariki ni wachache mno waliolikabili kwa muda mrefu, na kwa mbinu nyingi, kama Profesa Wangari Maathai.

Binti wa Ihithe

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, chini ya safu ya milima ya Aberdare. Utotoni aliishi kwa muda karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mzungu, kisha mwaka 1947 akarejea Ihithe na mama yake. Karibu na nyumbani palikuwa na mgumo mkubwa, na jirani na mti huo palichimbuka kijito. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti ule, kwa kuwa Wakikuyu waliuhesabu kuwa mti wa Mungu. Msichana akawa anateka maji kijitoni na kuchezea mayai ya vyura, akiyadhania ni shanga ambazo angeweza kuzivaa.

Miaka mingi baadaye alirudi na kukuta mgumo umekatwa. Mmiliki mpya wa kipande kile aliona unachukua nafasi ya chai. Kijito kilikuwa kimekauka. Wangari, ambaye sasa alikuwa mwanasayansi, alielewa kile ambacho mama yake alikilinda bila kukieleza kwa lugha ya darasani: mizizi mirefu ya mti ule ndiyo iliyokuwa ikishika udongo wa mlima na kuyafungulia maji njia ya kutokea.

Kusoma kwake kulikuwa bahati iliyotafutwa. Kaka yake mkubwa ndiye aliyeuliza kwa nini dada yao haendi shule, na mama akakubali. Alipita kwa masista wa Kikatoliki Nyeri, kisha Loreto, Limuru. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya, wapatao 300, waliosafirishwa Marekani katika mpango uliopiganiwa na Tom Mboya na kupata msaada wa familia ya Kennedy. Alisoma biolojia katika chuo cha watawa huko Atchison, Kansas, na kupata shahada ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966.

Aliporudi Nairobi akiwa na barua ya kazi mkononi, aliambiwa nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Hakuwahi kuamini kwamba jinsia yake na kabila lake havikuhusika. Idara ya anatomia ya mifugo ndiyo iliyompokea, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu.

Mbinu ya mche mmoja

Utafiti wake kuhusu kupe wanaoeneza ndigana ulimtembeza vijijini. Alikwenda kuwatazama kupe akaishia kuwatazama ng'ombe waliokonda, mito iliyokuwa na rangi ya udongo, na watu waliokosa nguvu. Wakati huo alikuwa akihudhuria vikao vya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, ambako wanawake wa mashambani walitaja shida zao moja baada ya nyingine: kuni ziko mbali, maji yako mbali, mifugo haina malisho, watoto wanakula vyakula visivyojenga mwili. Wangari aliona kwamba sehemu kubwa ya orodha ile ilikuwa na jibu moja la kuanzia, nalo alikuwa amekwisha kulifanyia majaribio na kushindwa.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, baraza hilo liliandamana kutoka jengo la mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji na kupanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya kiongozi wa zamani wa jamii mojawapo ya Kenya. Wakaiita shughuli hiyo harambee ya kuiokoa ardhi, na humo ndimo lilimozaliwa vuguvugu la Ukanda wa Kijani, Green Belt Movement.

Hapa inafaa kutulia kidogo, maana wengi humkumbuka kama mama mwema aliyependa miti, na kwa kumkumbuka hivyo wanamnyima akili yake ya siasa. Mpango wake ulijengwa kwa makini. Maofisa wa misitu walikuwa na shaka kama wanawake wasio na cheti wanaweza kuotesha miti. Yeye aliwaambia akina mama watumie maarifa waliyokuwa nayo ya kupanda maharage na mahindi, waokote mbegu za miti ya kwao, waoteshe katika chochote walichonacho, hata kopo bovu. Kila mche uliopandwa ukashika ulilipiwa senti chache. Malipo yalikuja baada ya mche kuthibitika kuwa hai, kwa hiyo kikundi kililazimika kurudi kuhesabu, kuandika na kutoa taarifa. Mwanamke aliyeanza kwa kuhesabu miche yake alikuwa, bila kuambiwa, amejifunza kuendesha kikao, kutunza daftari na kumdai ofisa majibu.

Baadaye aliongeza semina. Washiriki waliombwa kuorodhesha matatizo yao, na orodha ikawa ndefu. Kisha wakaulizwa yametoka wapi. Karibu wote walinyoosha kidole kwa serikali. Wangari hakuwabishia, lakini aliwapa mfano wa abiria aliyepanda basi lisilo lake: atafika asikokukusudia, atalala njaa, hata kuibiwa, na kabla ya kumlaumu dereva inampasa ajiulize kwa nini hakuuliza basi linakwenda wapi. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya nani amekata msitu, nani amegawiwa ardhi ya umma na nani amempigia kura yalipoanza.

Washauri wa kampeni wa siku hizi hulipwa fedha nyingi kutengeneza kitu cha namna hiyo: tendo dogo ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifanya kesho asubuhi na likamfanya ajione ni sehemu ya jambo kubwa. Wangari alilipata vijijini, kwa kusikiliza. Sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri habari tunajua pia kwamba neno letu, mazingira, lilimfaa. Ndani yake mna kuzingirwa. Humtaja mtu aliye katikati pamoja na vilivyomzunguka. Hata chama alichokiongoza baadaye kilianza na neno hilo la Kiswahili, Mazingira, kabla ya maneno ya Kiingereza.

Milango iliyofungwa

Gharama zilikuja mapema. Ndoa yake ilivunjika, na kesi ya talaka ya mwaka 1979 ikawa tamasha la magazeti. Alipomkosoa hakimu hadharani alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akakaa gerezani siku tatu kabla ya kuachiwa. Mumewe alipomtaka aache kulitumia jina lake, aliliongezea herufi moja, na Mathai akawa Maathai.

Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo huko Nyeri. Alienguliwa kwa hoja ya kiufundi kuhusu uandikishaji wake kama mpiga kura. Alipotaka kurudi kazini, chuo kilisema nafasi imejazwa, na akatakiwa aihame nyumba ya chuo. Akawa na watoto watatu, bila mshahara, na kitalu cha miche. Msaada wa Chama cha Misitu cha Norway na wa mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake ndio uliomwezesha kuifanya kazi ya miti kuwa kazi yake ya kila siku.

Jengo la ghorofa 60

Katika vita vyake vyote, kile cha mwaka 1989 ndicho kinachostahili kusomwa na kila anayetaka kujua namna mtu asiye na madaraka anavyoweza kumzuia mwenye nayo. Chama tawala, KANU, pamoja na mfanyabiashara wa Uingereza Robert Maxwell, kilipanga kujenga ndani ya bustani ya Uhuru, katikati ya Nairobi, jengo la ghorofa 60 lenye ofisi, gazeti la chama na maegesho, na pembeni sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Bustani ile ndipo mahali ambapo mtu wa kipato kidogo angeweza kukaa na wanawe Jumapili bila kutoa shilingi.

Wangari alianza kwa barua. Aliiandikia ofisi ya rais, halmashauri ya jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa, na balozi wa Uingereza, ambaye alimuuliza kama jengo la aina ile lingekubaliwa Hyde Park, London. Nakala alizipeleka kwa wanahabari. Swali la Hyde Park lilikuwa risasi iliyolengwa vizuri, kwa sababu lilihamisha mjadala kutoka Nairobi, ambako angeweza kunyamazishwa, hadi katika miji ambako fedha za mradi zilitarajiwa kutoka.

Bungeni wabunge walimdhihaki, wakalitaja kundi lake kuwa mkusanyiko wa wanawake walioachika. Rais alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata desturi za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi yake mwezi Desemba. Vuguvugu likafukuzwa katika ofisi ya serikali, na Wangari akahamishia kazi yote nyumbani kwake, meza za karani zikapangwa sebuleni. Ukihesabu kwa vikao, alishindwa katika kila kimoja. Lakini wafadhili wa nje walianza kurudi nyuma, mradi ukapunguzwa, kisha ukatelekezwa, na mwanzoni mwa mwaka 1992 uzio wa mabati ukaondolewa.

Mwezi huohuo wa Februari alirudi katika bustani ileile na akina mama wazee ambao watoto wao wa kiume walifungwa kwa sababu za kisiasa. Wakaanza mgomo wa kula kwenye pembe moja ambayo watu wakaiita Pembe ya Uhuru. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Wangari alipigwa hadi kupoteza fahamu, na baadhi ya wale akina mama wakavua nguo mbele ya polisi, tendo ambalo kwa mila zao ni laana kwa mwana anayemwinulia mama mkono. Siku iliyofuata walihamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote na kukaa humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa wengi waliachiwa.

Kura elfu nne

Ikiwa msomaji amefika hapa akidhani mwanamke wa namna hii angechaguliwa kwa kishindo, na asome sasa kuhusu mwaka 1997. Wangari aligombea urais kwa tiketi ya chama kidogo cha Liberal. Alikuwa ametumia mwaka 1992 kuwasihi wapinzani waungane, wakakataa, na Moi akashinda kwa kura zilizozidi kidogo theluthi moja. Miaka mitano baadaye yeye mwenyewe akawa mmoja wa wagombea wengi wa upinzani. Siku chache kabla ya kura magazeti yaliandika kwamba amejiondoa, habari ambayo hakuwa ameitoa. Alipata kura elfu nne na ushei nchi nzima, na ubunge wa Tetu akaukosa. Nadhani kosa halikuwa la magazeti peke yake. Jina jema na mamilioni ya miti havikuwa na wakala katika kila kituo cha kura.

Alirudi penye nguvu zake. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za Karura, msitu uleule wa kitalu chake cha kwanza, zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda kupanda mti langoni pamoja na wabunge wa upinzani na wanahabari. Walinzi wa kukodiwa wakawashambulia, na yeye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko alitia sahihi kwa damu yake. Picha zilizunguka dunia, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Uchaguzi wa Desemba 2002 ndio ulioonyesha kwamba alijifunza. Safari hii upinzani uliungana chini ya NARC, naye akagombea ubunge wa Tetu ndani ya muungano huo. Alipata asilimia 98 ya kura, kisha akateuliwa naibu waziri wa mazingira. Habari ya Nobel ilimfikia Oktoba 8, 2004 akiwa njiani kwenda jimboni, akaiadhimisha kwa kupanda mti wa Nandi flame, Mlima Kenya ukiwa mbele yake. Mwafrika wa kwanza wa kike kuipata tuzo hiyo alikuwa ameipata wakati miti iliyopandwa na vikundi vyake inahesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30.

Hakuwa malaika. Kauli iliyonukuliwa na gazeti kwamba virusi vya UKIMWI vilitengenezwa na wanasayansi ilimwandama hata wiki ya tuzo, na ikambidi atoe ufafanuzi kuikana. Umaarufu wa kimataifa nao haukumlinda nyumbani. Mwaka 2007 alishindwa katika mchujo wa chama cha rais, akagombea kwa Mazingira na kuupoteza ubunge. Huo ndio uchaguzi ambao Mmarekani Dick Morris, aliyewahi kumshauri Bill Clinton, alikuja Nairobi kumsaidia Raila Odinga. Zama nyingine za kampeni zilikuwa zimeingia, na zilimalizika kwa damu ya wananchi zaidi ya elfu moja. Wangari, ambaye tangu miaka ya mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa alikuwa akipeleka miche kwa jamii zilizogombana, alirudi tena kuhimiza mapatano.

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa balozi wa msitu wa bonde la Kongo, msitu ambao mvua zake zinatugusa hata sisi wa nchi hizi za milima. Hapa Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008. Kenya ilifika huko mwaka 2017, yeye akiwa hayupo tena.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani ya ovari, akiwa na miaka 71. Alikuwa ameagiza asizikwe katika sanduku la mbao, ili pasiwe na mti utakaokatwa kwa ajili yake. Mafundi walimtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, bendera ya taifa ikatandazwa juu yake, na katika mazishi ya kitaifa tarehe 8 Oktoba, miaka saba kamili tangu habari ya Nobel imfikie barabarani, mwili wake ukateketezwa kwa moto Kariokor kama alivyotaka. Mwaka huohuo msitu wa Karura, uliokuwa umeogopwa kwa miaka kama maficho ya majambazi, ulifunguliwa kwa umma, na mpaka leo wakazi wa Nairobi huingia humo kutembea kwa miguu na kwa baiskeli, wakipita penye lango ambalo alizuiwa kupanda mche mmoja.